Kiti cha Kuangalia Nyuma

Skii ya mume wangu nilikuwa nimeifunga kwa shuka la zamani la watoto na kuisimamisha nyuma ya magunia ya mahindi, kwenye stoo ya nyumba yetu ya Kiamunyi. Ni moja tu, si jozi. Watu wakisikia skii hufikiria mbili, lakini slalomu huchezwa kwa ubao mmoja, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma yake, na juu ya ubao kuna viatu viwili vya mpira vya kuishikilia miguu. Siku hiyo nilikuwa natafuta mtego wa panya. Niliigusa kwa bega, ikaniangukia. Nilitamka neno ambalo mwalimu wa Kiswahili hapaswi kulijua, halafu nikaketi juu ya gunia na kulia mpaka pua ikaziba. Ndani ya viatu vile vya mpira mlikuwa bado na mchanga mweusi wa Naivasha.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Maboya sita yanapangwa majini, matatu upande huu na matatu upande ule. Boti inapita katikati, imenyooka, bila kuongeza wala kupunguza mwendo. Anayehangaika ni yule anayevutwa kwa kamba: anakata kulia kulizunguka boya la kwanza, anakata kushoto kulizunguka la pili, hivyo hivyo mpaka la sita. Akifaulu, kamba inafupishwa, anaanza tena. Mchezo huu hauna kumaliza, kwa sababu siku zote kuna kamba fupi zaidi. Mume wangu alikuwa anapenda hilo, na mimi lilikuwa linaniudhi.

Kwenye boti hukaa watu wawili. Dereva anaangalia mbele. Wa pili anampa dereva mgongo, anaangalia nyuma, na kazi yake ni moja tu, kutomwondolea macho aliye majini. Mtu akianguka, dereva huhisi kamba imelegea, naye huuliza, "Yuko sawa?" Aliyeanguka akiinua mkono, wa nyuma hujibu, "Yuko sawa," na dereva huendelea polepole mpaka mwisho wa mstari ndipo ageuke, maana ukigeuka katikati unayavuruga maji na mchezaji itabidi angoje yatulie. Asipoinua mkono, wa nyuma hupiga kelele, na boti hugeuka hapo hapo. Kwa miaka minane, kila Jumamosi asubuhi kabla ya upepo, kiti hicho cha nyuma kilikuwa changu.

Siku ile kamba ililegea kati ya boya la nne na la tano. Usukani alikuwa ameushika shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Aliuliza kama alivyokuwa ameuliza mara nyingi nisizoweza kuhesabu, "Yuko sawa?"

Nikajibu, "Yuko sawa."

Sikuwa nimeangalia. Macho yangu yalikuwa kwingine, na kinywa kilijibu kwa mazoea. Alikuwa sawa siku zote, kwa nini asiwe sawa siku hiyo? Ziwa lilikuwa limepanda sana wakati huo, likameza mashamba na nyua za watu, na chini ya maji, mahali palipokuwa malisho ya ng'ombe, kulikuwa na nguzo imesimama. Kichwa cha mume wangu kiligonga hapo. Jaketi lilimfanya aelee, lakini uso ulikuwa chini. Sisi tulikwenda polepole mpaka mwisho wa mstari, tukageuka polepole, ili tusimvurugie maji.

Tulimzika kwa mama yake, Ndabibi, upande wa pili wa ziwa hilo hilo. Kabla ya mazishi wazee waliketi na kuuliza imekuwaje. Shemeji alisema, "Nilihisi kamba imelegea. Nikaenda mpaka mwisho ndipo nikageuka." Mama akamuuliza, "Ulihisi, na ukaendelea?" Akasema, "Ndiyo, mama." Hakusema kwamba aliuliza. Hakusema kwamba alijibiwa. Mimi nilikuwa pale pale, mtoto mmoja mapajani na mwingine ameniegemea, na niliufunga mdomo wangu. Kaburini, shemeji alipoinama achukue udongo amtupie kaka yake, mama alisema mbele ya watu wote, "Wewe acha." Akauacha. Kabla ya juma kwisha alikuwa amehamia Molo, akakodi shamba, akaanza kulima viazi, na mama hakulitaja jina lake tena.

Mimi ndiye niliyebaki kuwa mtoto wa nyumba ile. Kila nikienda Ndabibi nilifungashiwa kabichi na maziwa. Akija mtu wa kanisani, mama alinishika mkono na kumwambia, "Huyu ndiye niliyebakia naye." Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa kwa miaka mitano. Kijana wa watu alimpoteza mama yake kwa neno langu, na mimi nikamchukua huyo mama nikamfanya wangu, nikala kabichi zake.

Ile skii niliipeleka ziwani nikiwa na nia ya kuitupa. Nilikuwa nimepanga nimlipe mtu mwenye boti anipeleke mbali kidogo, niiachilie, basi. Lakini pale gatini ilikuwa Jumamosi, na mnajua watu wetu wa boti za wikendi. Wametoka Nakuru na Nairobi na magari yao makubwa, wameshusha boti za bei ambayo ingejenga darasa, halafu wanachofanya ni kuzunguka. Wanakwenda kutazama kiboko, wanarudi, wanakula samaki, wanakwenda kumtazama kiboko yule yule. Muziki juu. Nimesimama pale na ubao wangu uliofungwa shuka, bwana mmoja mnene akaniita kutoka kwenye boti yake. Baadaye nilijua kwamba ni daktari wa meno huko mjini.

"Mathe, hiyo ni nini umebeba? Ni mtoto?"

Nilikasirika, nikalifungua shuka ili nimwaibishe. Badala yake nilijikuta namweleza. Nilianza na viatu vya mpira, nikaenda kwenye maboya, nikaenda kwenye kamba, nikachora mstari mchangani kwa kidole cha mguu. Watu wakakusanyika. Nilipotazama saa, ilikuwa imepita karibu saa nzima, na nilikuwa nimemtaja mume wangu mara nyingi bila sauti kukatika. Hilo halikuwa limewahi kutokea tangu tumzike. Nilirudi Kiamunyi na skii yangu, na usiku huo nililala vizuri, jambo ambalo lilinitia hofu asubuhi.

Jumamosi iliyofuata nilirudi na mitungi sita ya manjano ya mafuta ya kupikia, nimeifunga kamba na mawe kwenye vifuko vya gunia. Lakini kabla sijaitia majini nilimtafuta mvuvi mmoja, na yeye na daktari wa meno wakaburuta mnyororo kati ya boti zao mbili kutafuta nguzo zilizozama, wakapita huku na huku mahali pote nilipopataka. Tulifanya hivyo Jumamosi mbili nzima. Mnyororo ulikwama mara tatu. Kila ulipokwama nilishika ukingo wa boti na kufumba macho mpaka mvuvi aseme ni jiti tu, au ni jabali. Palipokwama hatukuweka boya. Daktari alilalamika kwamba tunapoteza mafuta, nikamwambia aende basi akamtazame kiboko wake.

Watu wazima hawaingii majini kwa kuambiwa mchezo ni mzuri. Wanaogopa kuchekwa. Kwa hiyo sikuanza na skii, nilianza na boti. Nilisimama gatini na kutangaza kwamba hakuna hata mmoja wao awezaye kupita katikati ya mitungi yangu kwa mwendo mmoja bila kupinda. Basi! Mwanamume mwenye boti mpya ukimwambia hawezi kuinyoosha, umemshika. Walipanga foleni. Walipinda, wakaigonga mitungi, wakalaumu upepo, wakalaumu mitungi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliikanyaga miwili mara moja, na mkewe akacheka mpaka akamwaga soda. Wiki ya tatu mke huyo huyo ndiye aliyesema, "Mwalimu, mimi nataka kuvutwa."

Alianza na skii mbili, kama wote wanavyoanza. Jozi hiyo niliitoa katika hoteli moja iliyokuwa imeitundika ukutani kuwa pambo. Alianguka mara saba. Mara ya nane alisimama, akapiga yowe ambalo nadhani lilisikika mpaka ng'ambo. Baada yake wakaja dada zake wawili, daktari na mwanawe wa kike, kisha watu ambao hata sikuwajua, wakiuliza gatini, "Yule mathe wa mitungi yuko wapi?" Kabla mvua fupi hazijaanza, wanne kati yao walikuwa wameacha skii moja na kusimama kwenye ubao mmoja, na mwanamke yule wa vifaa vya ujenzi alikuwa ameyazunguka maboya mawili. Nikampa avae ile ya mume wangu. Mguu wake ulienea.

Nani alikaa kiti cha nyuma? Mimi. Sikumwachia mtu. Walidhani ni uchu wa kazi ya ualimu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa, na mtu anayeogopa ndiye niliyetaka akae pale. Kila kamba ilipolegea, nilisikia sauti ya shemeji juu ya injini ikiuliza, hata dereva akiwa daktari wa meno na midomo yake imefumbwa. "Yuko sawa?" Na kila mara, kabla kichwa cha aliyeanguka hakijaibuka, niliona kingine pale karibu na boya la nne, cheusi, kimetulia, uso chini. Kilikaa kidogo, halafu kikawa ni maji tu. Sikumwambia mtu. Ningewaambia nini, kwamba mwalimu wao anaona mtu wa ziada? Nilisubiri mkono uinuliwe, kisha nikapaza sauti, "Inua tena!" Waliinua tena, wakinicheka. Macho yalikuwa yananiuma mpaka Jumatatu.

Tatizo likawa moja. Madereva wetu hawakuwa wananyoosha mstari, na mtu hawezi kuyazunguka maboya matatu, acha sita, nyuma ya boti inayotangatanga. Daktari alinitazama siku moja tukinywa chai gatini, akasema, "Mwalimu, si kuna mtu alikuwa anaendeshea bwana yako? Tumwite atufunze."

Kabla sijajibu, mwuza samaki aliyekuwa amesimama hapo alidakia, "Yule wa Ndabibi? Si ndiye aliyeua ndugu yake?"

Alisema hivyo tu, kama mtu anayetaja bei, akaendelea kugeuza samaki wake. Daktari aliinamisha kichwa kwa aibu. Mimi nilikuwa na kikombe mkononi na nakumbuka kwamba nilikunywa chai yote, moto vile vile, ikaniunguza ulimi. Ilinijia waziwazi kwamba nilikuwa nimeurudisha mchezo, nikairudisha skii, nikairudisha hata furaha yangu, na mtu niliyepaswa kumrudisha kwanza bado alikuwa Molo.

Nilimkuta akipakia viazi. Molo ilikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Lori limeegeshwa njiani, na yeye amevaa gambuti na koti lililokuwa la kaka yake. Ameota mvi. Alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, tukaketi juu ya magunia.

"Shemeji, umepotea," akasema.

"Nimekuja kukuchukua uendeshe boti."

Alicheka. "Boti? Mimi siku hizi naendesha wilibaro."

Nikamweleza kuhusu mitungi, na daktari, na mwanamke wa maboya mawili. Nikamwambia madereva wangu wanakwenda kama nyoka. Alisikiliza, akaanza kutikisa kichwa. "Wanaangalia boya," akasema. "Waambie waache kuangalia boya. Watafute mti ng'ambo, waende kwa huo mti." Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaushika usukani usiokuwepo. Kisha alijiona, akaushusha. "Lakini siwezi kuja. Mama yuko Ndabibi. Hiyo injini ataisikia akiwa jikoni."

Nikamwambia, "Uliniuliza."

"Eeh."

"Nikasema yuko sawa."

"Nilisikia."

"Mbona hukusema?"

Alichukua uzi wa gunia, akaanza kushona mdomo wa gunia lililokuwa limeshashonwa. "Watoto walikuwa wamekukalia. Ningesema pale, wazee wangekufukuza na hao watoto wangebaki na nani? Nikajua utasema mwenyewe. Nilidhani wiki hiyo. Halafu nikadhani mwezi huo." Alikata uzi kwa meno. "Halafu nikaacha kungoja, nikapanda viazi."

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wenyewe nilikuwa nimeungoja miaka mitano, nikidhani utakuwa matusi au kofi. Kumbe ni mtu kuniambia kwa upole kwamba alinisubiri akachoka. Nilitamani anipige. Niliona haya hata kumaliza chai yake. Nikamuuliza atakuja lini, naye akasema hana neno na mimi, wala hana neno na ziwa. Mama akimpigia simu, atakuja. Asipompigia, abaki na viazi vyake. Akanisindikiza mpaka barabarani, na alipoagana nami alinipa gunia dogo, akasema niwapelekee watoto.

Sikwenda Ndabibi siku hiyo, wala juma hilo. Nilisahihisha mitihani. Nilifua mapazia. Nilijiambia kwamba mama ni mzee na moyo wake si mzuri, kwamba maji yakimwagika hayazoleki, kwamba shemeji mwenyewe amezoea. Mtu akitaka kukwepa hakosi methali, na mimi ndiyo kazi yangu. Jumamosi nilikaa kiti cha nyuma, mwanamke wa vifaa vya ujenzi akaanguka kati ya la nne na la tano, akainua mkono mara moja, mzima kabisa, akicheka. Nami nilishindwa kutamka. Daktari aliuliza mara tatu, "Yuko sawa? Mwalimu? Yuko sawa?" na sauti haikutoka. Aligeuza boti katikati kwa hofu, akavuruga maji yote. Niliposhuka gatini sikungoja samaki. Niliendesha moja kwa moja mpaka Ndabibi.

Mama alikuwa ameketi uani juu ya gunia, anapukuchua mahindi. Aliniona akatabasamu, akasogea nikae. Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaanza kumsaidia kupukuchua, na nikianza kupukuchua sitasema. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia kwamba mwanawe aliuliza, kwa sauti, kama inavyotakiwa. Nilimwambia nani alijibu. Nikamwambia kwamba niliyajua haya siku ya wazee, na siku ya udongo, na kila siku aliyonifungia kabichi.

Mikono yake haikusimama. Punje ziliendelea kuanguka kwenye karai. Alimaliza gunzi lile, akalitupa, akachukua jingine, kisha akauliza bila kuinua macho.

"Ulikuwa unaangalia nini?"

Katika hesabu zangu zote za swali hili na lile, hilo sikuwa nimelijibu hata peke yangu. "Nyumba, mama," nikasema. "Kulikuwa na nyumba imezama, maji yamefika dirishani. Pazia lilikuwa bado limening'inia. Nilikuwa nawaza lilivyo zuri."

"Pazia."

"Ndiyo, mama."

Mahali fulani nyuma ya nyumba ndama alilia, akanyamaza. Kisha mama alijifuta mikono kwa leso na kuunyoosha mmoja. "Nipigie huyo kijana," akasema. Hakuwa na namba yake. Niliipiga, nikaweka sauti kubwa kwa sababu masikio yake si mazuri, nikampa. Shemeji alipokea akidhani ni mimi, "Shemeji, sema." Mama alikohoa. Upande wa pili ulisikika upepo tu.

"Huko Molo," mama akauliza, "unalala na blanketi ngapi?"

"Tatu, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto wa shule.

"Hazitoshi. Utakuja uchukue nyingine." Akavuta pumzi. "Nimeambiwa kuna watu wa boti wanakutaka. Kama ni kuendesha, endesha, sikukatazi. Lakini huyu asikae pale nyuma. Wa kuangalia awe mtu mwingine."

Nilingoja aseme neno, hata moja, la kunitetea. Upepo wa Molo ulivuma kwenye simu.

"Sawa, mama," akasema.

Mama akanirudishia simu bila kuniangalia. Alichukua gunzi jingine, akaniambia nikitoka nifunge geti vizuri, ndama wasitoke.